Sarafu ya Tundu Katika Njia ya Sigi

Wanafunzi wenzangu wa zamani, mtakumbuka kwamba tulipokuwa Kidato cha Pili hatukupanda Amani hata Jumapili moja bila mmoja wetu kusimulia habari za dhahabu ya Wajerumani. Mimi nami nilikuwa na kisa changu. Niliokota sarafu yenye tundu kando ya barabara itokayo Sigi, nikaibadilisha kwa maandazi mawili. Leo siikumbuki hata kona niliyoiokotea. Kosa hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Likizo iliyopita, swahiba wangu wa bweni alikuja na mashine ya kutambua metali ardhini, ile wanayoitumia wachimbaji wadogo kutafutia dhahabu. Msitu wa Amani ni hifadhi tangu mwaka 1997, basi hatukuthubutu kuchimba humo. Tulikwenda bondeni, kwenye shamba la mzee mmoja, mahali lilipopita tuta la reli ya zamani. Tulimwamkia, tukaomba ruhusa, akatukubalia.

Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1910 na kampuni ya mbao ya Kijerumani, kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Sigi, umbali wa kilomita 23 hivi. Upana wa njia yake ulikuwa sentimita 75 tu. Iliteremsha magogo ya msituni, na ilikifaa pia kituo cha utafiti wa mimea na kilimo kilichoanzishwa Amani mwaka 1902.

Mashine ililia kutwa nzima. Tulifukua vizibo vya soda, misumari ya bati, kipande cha jembe na msumari mnene wa reli. Alasiri ikatoka heller 10 ya mwaka 1911, yenye tundu, na herufi A ya Berlin.

Mwenzangu akaanza kukisia bei. Mimi nikapiga hesabu nyingine. Rupia moja ya wakati huo ilikuwa heller 100, na kodi iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilikuwa rupia 3 sehemu nyingi za mashambani. Kwa hiyo mtu alihitaji sarafu 30 kama hiyo ili asisumbuliwe. Serikali ilipotaka fedha taslimu, wengi hawakuwa na njia ila kwenda kuvuja jasho katika mashamba ya walowezi na kazi za reli. Aliyeidondosha sarafu ile yamkini hakuwa mtu wa kuficha hazina. Alikuwa mtu wa kuitafuta usiku kwa kupapasa.

Ama ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, inayowanyima vijana usingizi, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitoka 16,198 tu. Julai mwaka huohuo Waingereza waliitwaa Tanga. Je, nani angeisafirisha dhahabu ya Tabora aje kuizika mlangoni kwa adui? Hata hivyo niliyaona mashimo, na tuta limemeguka vipande.

Linganisheni na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua huko sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu. Kwa kuwa zilikuwa bado pamoja, dinari za ng'ambo zilisaidia kuonyesha kwamba watawala wa pwani walipiga sarafu zao tangu karne ya 11. Zingeokotwa mojamoja na kuuzwa, tusingelijua hilo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavitambua kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Heller yetu haifikii umri huo, lakini haikosi la kusema.

Tulimpa mzee sarafu yake. Aliigeuzageuza kiganjani, kisha akasema, "Wanangu, babu yangu alibeba magogo hapa. Alikufa bega moja limeinama." Mwenzangu hakutaja bei tena. Mimi niliandika daftarini: hatua kumi na mbili kutoka mwembe, upande wa mto, kina cha kiganja.

Ndugu zangu, nani kati yenu bado anayo sarafu ya tundu? Andikeni mlikoipata, kabla hamjasahau kama nilivyosahau mimi.