Mafuta Moto na 'Jodari' wa Usiku: Jinsi Vasco da Gama Alivyowahoji Mateka Nje ya Bandari ya Mombasa, 1498

Wapenzi wa muvi za majasusi mnaijua ile sini. Msee ameshikwa, yuko ndani ya meli ya kivita ya adui huko angani, mikono imefungwa, na kamanda anamuuliza kwa upole wa kutisha: nani amekutuma? Sasa toa anga, toa bunduki za miale, weka bahari mbele ya Old Town. Sini hiyo ilitokea hapa Mombasa, na kuna mtu aliyekuwa kwenye msafara huo akaiandika.

Ilikuwa usiku wa Jumanne, tarehe 10 Aprili 1498. Meli tatu za Ureno zilikuwa zimetia nanga nje ya mlango wa bandari. Ndani yake kulikuwa na wanaume wawili wasioweza kwenda popote, na Vasco da Gama alitaka kujua kama mji umemtegea mtego. Njia aliyotumia ni mafuta yanayochemka, yakidondoshwa juu ya ngozi.

Tunayajua haya kutokana na daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa wasafiri wenyewe. Hakuweka jina lake, ingawa wengi humtaja Álvaro Velho. Nakala yake iko kwenye maktaba ya umma ya mji wa Porto, ilichapishwa mara ya kwanza 1838, na mwaka 2013 UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Kumbuka tu kwamba hii ni stori ya upande mmoja. Anayeandika ni mbogi ya wenye mafuta, si ya waliochomwa.

Kabla ya meli, alitangulia jasusi

Watu hudhani Wareno walifika pwani hii wakipapasa gizani. Si kweli kabisa. Mwaka 1487 mfalme wa Ureno alimtuma Pêro da Covilhã, msee aliyekiongea Kiarabu fiti, apite Misri na Bahari ya Shamu akijifanya mfanyabiashara. Huyo ndiye jasusi hasa wa stori hii. Alifika Aden, Calicut, Goa na Hormuz, kisha akashuka pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala, akihesabu nani anauza nini na kwa nani. Aliporudi Cairo akatuma ripoti nyumbani. Yeye mwenyewe hakurudi. Aliingia Ethiopia, wakampa ardhi na mke, wakamkataza kuondoka. Ujumbe wa Ureno ulimkuta huko 1520, mzee, akiwa bado hai. Kama adhabu za ujasusi zingekuwa hivyo zote, kazi ingekuwa na foleni.

Kwa nini walifika wakiwa na hofu

Da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na meli nne. Moja, ya kubeba chakula, aliivunja njiani kule kusini mwa Afrika. Zilizobaki ni São Gabriel yake mwenyewe, São Rafael ya kaka yake Paulo, na Berrio ya Nicolau Coelho. Wengi melini walikuwa wamepigwa na kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuoza kwa kukosa matunda.

Machi 1498 wakaingia kisiwa cha Msumbiji. Mwanzoni wenyeji waliwachukulia kuwa ni Waturuki au Waislamu wengine, na Wareno hawakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Kumbuka hapo: kwa siku kadhaa waliokuwa wakiishi kwa jina bandia ni wao. Watu walipochanuka kwamba wageni ni Wakristo, hali ikabadilika. Kukatokea vurugu kwa ajili ya maji ya kunywa, Wareno wakapiga mizinga, wakateka watu na mali, wakaondoka na marubani wawili ambao hawakuwaamini hata kidogo. Njiani mmoja alichapwa viboko kwa kuwaambia kwamba visiwa fulani ni bara. Kisiwa wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa.

Sasa fikiria. Umempiga rubani wako, umeacha mji umekasirika nyuma yako, na majahazi ya pwani hii yanabeba habari. Unafika Mombasa. Utalala?

Siku tatu za kuchekiana

Walitia nanga Jumamosi, tarehe 7 Aprili. Daftari linasema mji ulikuwa mkubwa, juu ya mwinuko, bandari yake ikipokea vyombo vingi kila siku, na langoni kulikuwa na nguzo na boma la chini karibu na maji. Usichanganye na Fort Jesus, hiyo ilianza kujengwa 1593. Mji wenyewe wa wakati huo ulikuwa kaskazini mwa Old Town ya leo, upande wa hospitali kuu ya Pwani, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki yake.

Wareno walikuwa na furaha ya ajabu. Marubani walikuwa wamewaambia kuna Wakristo wanaokaa mtaa wao wenyewe Mombasa, kwa hiyo walipanga kushuka kesho yake, Jumapili ya Matawi, wakasali nao misa. Hakukuwa na mtaa kama huo. Ama marubani waliwachocha, ama waliwajibu walichotaka kusikia. Mimi naona la pili linatosha. Mtu aliyechapwa viboko kwa jibu baya hujifunza haraka kutoa jibu tamu.

Usiku wa manane huo wa kwanza kilikuja chombo chenye watu kama 100, wote na panga na ngao, wakitaka kupanda meli ya mkuu. Waliruhusiwa wanne au watano tu, wale wenye heshima zaidi. Walikaa kama saa mbili. Mwandishi anasema waziwazi kwamba aliona wamekuja kupima kama meli inaweza kutekwa. Kwa kifupi, walikuwa wanakagua.

Jumapili mfalme wa Mombasa akatuma kondoo, machungwa, ndimu na miwa kwa wingi, pamoja na pete kama ahadi ya usalama. Da Gama akajibu kwa shanga za marijani. Ukipima, kondoo na miwa kwa kamba ya shanga, utaona ni nani alikuwa bahili.

Kisha akatuma watu wawili nchi kavu. Waandishi wa Kireno wa baadaye wanasema walikuwa wafungwa waliohukumiwa, waliochukuliwa safarini makusudi kwa kazi za hatari. Wakiuawa, hasara ni ndogo. Hao ndio walikuwa macho yake. Walifuatwa na umati mpaka ikulu, wakapita milango minne, kila mmoja na bawabu mwenye upanga mkononi. Mfalme akawapokea vizuri, akaamuru watembezwe mjini. Walipelekwa hadi nyumba ya wafanyabiashara wawili waliodaiwa ni Wakristo, wakaonyeshwa karatasi yenye picha inayoabudiwa. Wao wakaona Roho Mtakatifu. Wanahistoria wengi wanafikiri wenye nyumba walikuwa Wahindu kutoka India. Wakarudishwa na sampuli za karafuu, pilipili manga na nafaka, na ahadi kwamba meli zinaweza kupakia.

Ripoti yao ikawa: mambo safi, ingieni.

Jumanne, mambo yakaharibika

Walipong'oa nanga waingie bandarini, meli ya da Gama ilikataa kugeuka, ikagonga iliyokuwa nyuma yake. Ikabidi watie nanga tena. Ajali ndogo tu. Lakini wenyeji waliokuwa melini, walipoona safari ya kuingia imekufa, wakarukia chombo chao kilichofungwa nyuma ya meli. Wale marubani wawili wa Msumbiji nao wakajitosa majini, wakaokotwa na chombo hicho, wakahepa.

Hapo ndipo da Gama akashtuka. Kwa nini watu wakimbie kwa sababu meli haikuingia?

Usiku akaletewa wawili waliobaki. Daftari linawaita Wamoro wawili, basi, jina ambalo Wareno walimpa kila Muislamu. Wasomaji wa baadaye wamewachukua kuwa ni kati ya mateka wa Msumbiji. Mafuta yakachemshwa. Kuhusu lugha, msafara ulikuwa na baharia aliyewahi kuwa mfungwa wa Waarabu na aliyekielewa Kiarabu, kwa hiyo hata kilio hapo kilipita kwa mkalimani.

Walisema hivi: kulikuwa na amri meli zitekwe mara tu zikiingia bandarini, kulipiza kilichofanywa Msumbiji.

Mateso hayakuishia hapo. Walipoanza raundi ya pili, mmoja, mikono ikiwa imefungwa, akajitupa baharini. Wa pili naye akajitupa zamu ya alfajiri. Daftari halisemi kama walifika ufukweni. Linaendelea na habari nyingine.

Je, walisema kweli?

Hili ndilo swali ambalo limefanya kisa hiki kirudiwe miaka yote. Mtu anayechomwa mafuta atakiri chochote, na hawa walikuwa wanaulizwa na mtu ambaye tayari alikuwa na jibu kichwani. Kwa upande wa pili, usiku uleule, karibu na saa sita, mitumbwi miwili mikubwa iliyojaa watu ikasogea. Ikabaki mbali kidogo, watu wakaingia majini kimya, wengine wakaogelea kuelekea Berrio, wengine São Rafael. Wa Berrio wakaanza kukata amari, kamba ya nanga. Walinzi walisikia maji yakichezwa wakadhani ni jodari. Walipogundua ni binadamu wakapiga kelele kwa meli nyingine. Kufikia hapo wengine walikuwa tayari wameshika kamba za galme, ule mlingoti wa nyuma. Walipoona wameshtukiwa, wakateleza chini bila neno na kupotea gizani.

Ujanja wenyewe unaeleweka na yeyote aliyewahi kuona mkondo wa maji pale mlangoni. Kata amari usiku, maji yatafanya kazi iliyobaki: meli itasukumwa kwenye mwamba bila wewe kurusha mshale.

Kwa hiyo ndiyo, mji ulitaka kuziteka meli. Lakini hilo halithibitishi kwamba mateka wawili walijua chochote. Walikuwa wamefungiwa melini tangu Msumbiji. Amri ya mfalme wa Mombasa wangeisikia wapi? Labda kwa wenyeji waliopanda na kushuka zile siku tatu. Labda walikisia tu, kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angekisia. Na tuseme ukweli, kwa mfalme wa Mombasa hao walikuwa wageni wenye mizinga waliopiga jirani yake wiki chache kabla. Kuwatega ilikuwa ulinzi wa kawaida.

Kilichofuata

Da Gama alikaa siku mbili zaidi akitarajia kupata rubani. Hakupata. Cha kuchekesha, mwandishi anasema wagonjwa wao walipona Mombasa kwa sababu hewa ya hapa ni nzuri sana. Hewa, kweli? Yale machungwa na ndimu za mfalme hayakupewa hata asante.

Waliondoka Ijumaa tarehe 13. Kesho yake wakakifukuza chombo kimoja baharini. Waliokuwamo wote wakajitupa majini, wakaopolewa 17, pamoja na mzee mmoja mwenye heshima na mkewe kijana, dhahabu na fedha. Mateka hao ndio waliotumika kufungua mlango wa Malindi. Hata huko, rubani wa kuwapeleka India alipatikana baada ya mtu wa mfalme kushikiliwa melini. Zile stori kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid, mwanamaji maarufu wa Oman, wanahistoria wengi leo wamezikataa. Waandishi wa mwanzo wanaelekeza kwa mtu wa Gujarat. Tarehe 20 Mei wakafika Calicut.

Mombasa ilikumbukwa kwa ubaya. Agosti 1505 Francisco de Almeida alirudi na kundi zima la meli, akauteketeza mji. Mwaka 1572 Luís de Camões akatoa utenzi wake mkubwa, ambamo mungu Bacchus anajigeuza Mkristo mbele ya madhabahu feki Mombasa ili awadanganye wale wafungwa wawili, na Venus anazuia meli isiingie bandarini. Yaani ile ajali ya meli kukataa kugeuka ikapandishwa cheo ikawa muujiza.

Enzi za ukoloni wa Mwingereza Old Town ilikuwa hata na barabara iliyoitwa Vasco da Gama. Jina hilo lilishaondolewa. Ukitaka kuona eneo lenyewe, simama ukutani Fort Jesus upande wa bahari, tazama mlango wa bandari ya kale. Meli zilikaa nje ya hapo. Na vijana wanaojitosa majini jioni kutoka kwenye kuta za Forodhani wanaogelea kwenye mkondo uleule.