Darasa Lililokosa Meneja: Historia ya Mabaraza na Elimu ya Wafanyakazi Tanzania

Zaidi ya nusu karne imepita tangu Rais Julius Nyerere atoe Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970, ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika viwanda na mashirika ya umma, na hadi leo mabaraza ya namna hiyo huitishwa kila mwaka katika taasisi za serikali, ambapo mgeni rasmi hufungua kikao, makadirio ya bajeti husomwa, na wajumbe waliovaa fulana za rangi moja hupiga picha ya pamoja. Kinachokumbukwa na wachache ni kwamba waraka ule haukuishia kwenye vikao, kwa sababu miongoni mwa mambo ambayo baraza lilipaswa kuyashauri, pamoja na uzalishaji, masoko, mishahara na hesabu za mwaka, ilikuwamo elimu ya wafanyakazi wenyewe. Elimu hiyo ndiyo iliyokusudiwa kumwezesha mfanyakazi kuketi meza moja na meneja wake na kuzungumza naye kwa hoja, na kudhoofika kwake ni hasara ambayo haijapewa uzito unaostahili.

Mahusiano yaliyohitaji elimu hiyo yalikuwa na historia ya misuguano. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, lililofahamika kwa kifupi chake cha Kiingereza kama TFL, liliundwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake, na migomo liliyoiunga mkono ilichangia nguvu ya chama cha TANU katika kudai uhuru. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, shirikisho likavunjwa, na badala yake kikaundwa chama kimoja cha taifa, NUTA, kilichofungamanishwa na serikali. Sheria ya ulinzi wa ajira ya mwaka huohuo ilianzisha kamati za wafanyakazi, yaani vyombo vidogo vilivyochaguliwa na wanachama mahali pa kazi ili vishauriane na mwajiri juu ya nidhamu na vizuie watu kufukuzwa ovyo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viwanda vingi vikubwa vilikuwa mikononi mwa umma, na swali likazuka la kwa nini mfanyakazi aendelee kuwa mtu wa kuamriwa tu katika mali aliyoambiwa kuwa ni yake. Waraka wa 1970 ulijaribu kulijibu, lakini muundo wa baraza ulibeba udhaifu wake tangu siku ya kwanza. Waliokaa humo walikuwa mwenyekiti wa tawi la TANU, meneja, wakuu wote wa idara, wajumbe wa kamati ya wafanyakazi na wawakilishi waliochaguliwa na wenzao, na baraza lenyewe lilikuwa la kushauri, kwa kuwa uamuzi ulibaki kwa menejimenti na bodi ya wakurugenzi. Henry Mapolu, aliyehariri kitabu kuhusu wafanyakazi na menejimenti kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1976, alikuwa miongoni mwa watafiti waliochunguza namna ushirikishwaji huo ulivyofanya kazi katika viwanda. Hali ya mjumbe aliyetoka kwenye mashine si vigumu kuielewa, kwani mizania, yaani taarifa inayoonyesha mali na madeni ya kiwanda kwa siku moja maalumu, ni karatasi isiyosomeka kwa mtu ambaye hajawahi kufundishwa tofauti kati ya faida na akiba au kati ya deni la muda mfupi na mtaji. Mjumbe wa namna hiyo aliingia kikaoni akiwa na haki ya kusema, lakini mhasibu alipomaliza kusoma tarakimu zake, yeye hakuwa na pa kushika ili aulize swali.

Kabla ya kasoro hiyo kutafutiwa dawa, wafanyakazi walipata mwalimu mwingine. Februari 1971, mwezi mmoja baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Milton Obote nchini Uganda na miezi michache baada ya Wareno kuivamia Guinea, TANU ilitoa Mwongozo, waraka uliokusudiwa hasa kuimarisha ulinzi wa taifa na uongozi wa chama. Kifungu cha 15 cha waraka huo kilidai usawa kati ya kiongozi na anayeongozwa, kikimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Waliokiandika huenda waliwafikiria zaidi wakuu wa wilaya na makatibu wa chama, lakini wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam walikisoma wakamwona humo meneja utumishi, yaani ofisa anayesimamia ajira na nidhamu, ambaye aliwatolea matusi mbele ya wenzao na kuwakata mshahara bila maelezo.

Kilichofuata kimeelezwa kwa kina na Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, na pia na Pascal Mihyo, na makala hii inawafuata wasomi hao wawili katika kuupa mgogoro huo nafasi ya kwanza. Kwa hesabu ya Shivji, kati ya Februari 1971 na Septemba 1973 ilitokea migomo 31 iliyohusisha wafanyakazi zaidi ya 22,000, na jambo la kushangaza kuhusu migomo hiyo si idadi yake bali madai yake. Zamani wafanyakazi waliweka zana chini kwa ajili ya mshahara, lakini sasa walizidi kuziweka chini kwa sababu ya lugha na mwenendo wa wakubwa, upendeleo, matumizi mabaya ya mali ya kiwanda na kudharauliwa kwa kamati zao. Kifungu cha 15 kilitajwa kwa namba, kama mtu anavyotaja aya aliyoihifadhi, na mara kadhaa wafanyakazi walimfungia nje meneja waliyemkataa huku wao wenyewe wakibaki kazini. Katikati ya mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walivuka hata mpaka huo, wakamfungia nje mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe.

Serikali, iliyokuwa imewafundisha wafanyakazi maneno hayo, ilijikuta ikiwataka warudi kwenye utaratibu, na majaribio ya kuiga mfano wa Mount Carmel mahali pengine yalizimwa. NUTA ilikuwa katika hali ngumu kuliko wote, kwa kuwa ilipaswa kuwasemea wanachama na papo hapo kuwatuliza kwa niaba ya dola. Anayeisoma habari hii leo hana budi kukiri kwamba wafanyakazi wale hawakuwa wahuni kama walivyoitwa na baadhi ya wakubwa wa wakati huo. Walikuwa wanafunzi walioelewa somo vizuri kupita matarajio ya waliolitunga.

Ni katika mwaka huohuo wa 1973 ambapo Kawawa, aliyekuwa sasa Waziri Mkuu, alitoa agizo kuhusu elimu ya wafanyakazi, na haiwezekani kupuuza kwamba aliyelitoa alikuwa ni yuleyule aliyewahi kuongoza chama cha wafanyakazi dhidi ya waajiri wa kikoloni. Agizo hilo lilitaka kila mahali pa kazi pawe na utaratibu rasmi wa elimu, pamoja na ofisa wa kuisimamia na fungu la fedha la kuiendesha, na masomo yafanyike ndani ya saa za kazi. Mafunzo yalianzia kusoma na kuandika, kwa sababu wengi hawakujua, yakaendelea hadi ufundi, siasa, na misingi ya uchumi na uendeshaji. Kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyojulikana kwa madarasa hayo.

Kosa kubwa, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, lilikuwa katika mgawanyo wa wanafunzi. Meneja alipelekwa kusomea uongozi katika chuo cha Mzumbe, kilichopata hadhi ya taasisi ya uongozi wa maendeleo mwaka 1972. Kada wa chama alikwenda Kivukoni, chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa mfano wa Ruskin College ya Oxford, ambayo iliwapokea wafanyakazi. Naye mfanyakazi alifundishwa palepale kiwandani baada ya kuweka spana chini. Pande mbili zilizogombana zilielimishwa mbalimbali, kila moja kwa lugha yake, ilhali uhusiano kati yao ndio uliokuwa mbovu. Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamikia kushuka kwa nidhamu na tija katika mashirika, lakini wakati huo meneja na mfanyakazi walikuwa wamekwisha kuzoea kuviziana.

NUTA iligeuzwa JUWATA mwaka 1978, kisha ikaja OTTU mwaka 1991, na hatimaye vyama vikawa huru tena na kuunda shirikisho la TUCTA, huku ubinafsishaji ukiyafunga au kuyauza mashirika mengi yaliyokuwa na mabaraza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilihamishia migogoro kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachozikutanisha pande mbili baada ya mambo kuharibika. Chuo cha Kivukoni sasa ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere na kinatoa shahada kama vyuo vingine.

Hata hivyo, kifungu cha 73 cha sheria hiyo ya 2004 kinakiruhusu chama kinachotambuliwa kufanya makubaliano na mwajiri ya kuunda jukwaa la ushirikishwaji mahali pa kazi. Hakuna kinachozuia makubaliano hayo yaandike kwamba, kabla ya kila kikao cha hesabu, mhasibu na wajumbe wa wafanyakazi wakae darasa moja kwa siku mbili, ndani ya saa za kazi, meneja akiwa miongoni mwa wanafunzi, wakiwa na mizania ya mwaka huo mkononi.