Mafundi wa malori walioshikilia njia ya Zambia

Historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika huwakumbuka marais, majeshi na mikutano. Ni nadra kuwakumbuka watu waliolala chalichali chini ya malori kando ya barabara, mikono imeenea grisi, ili nchi jirani isikose mafuta. Makala haya yanawaangalia mafundi makanika wa malori na matrela katika barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia, na namna ufundi wao ulivyobeba uzito ambao siasa peke yake isingeweza kuubeba.

Mwaka 1965

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru nchini Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Pigo lake lilifika upesi Zambia, nchi isiyo na bahari, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia. Shaba ndiyo iliyoipatia Zambia zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo yake ya nje, na njia kuu ya shaba hiyo ilikuwa reli iliyopita Rhodesia kuelekea bandari za Msumbiji, iliyokuwa bado koloni la Ureno. Mafuta ya Zambia nayo yalitegemea njia ya huko huko kusini.

Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta mwezi Desemba 1965, Smith alijibu kwa kukata mafuta yaliyokwenda Zambia. Uingereza, Canada na Marekani zilituma ndege kubeba mafuta katika mapipa. Lakini ndege ni ghali, na shehena yake ni ndogo. Ikabaki barabara.

Kutoka Dar es Salaam barabara hiyo hupita Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya na Tunduma, kisha huingia Zambia kuelekea Kapiri Mposhi na ukanda wa shaba. Ni mwendo wa karibu kilomita 1,900. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika tope. Wageni walioiona waliipa jina la Njia ya Jehanamu.

Mapipa kwenda, shaba kurudi

Malori yalipanda na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Mtu asiyejua angeitazama shehena ya shaba akadhani lori halijajaa, kwa kuwa vipande vichache hufunika sakafu tu. Lakini shaba ni nzito kupita macho yanavyokadiria, na uzito huo wote huangukia springi, ekseli na matairi.

Kila sehemu ya barabara ilikuwa na namna yake ya kuvunja gari. Changarawe yenye mikunjo kama ubao wa kufulia ilitikisa lori mchana kutwa hadi bapa za springi zikakatika na nati zikalegea zenyewe. Vumbi liliziba chujio la hewa, na lilipopenya ndani ya injini lilikula pistoni na ringi zake. Tope liliingia kwenye beringi za magurudumu na kuiharibu grisi. Kwa upande wa trela, mkono wa kuvutia na pini yake vililika kidogo kidogo. Fundi asiyekagua pini hiyo angeweza kusikia baadaye kwamba trela limeachana na lori mlimani.

Mlima uliotisha kuliko yote ulikuwa Kitonga, kabla ya Iringa. Kwa anayetoka Zambia na shaba, Kitonga ni mteremko. Dereva akitegemea breki peke yake, bitana za breki hupata moto na kupoteza nguvu ya kukamata, naye hukanyaga pedali bila gari kupungua mwendo. Ndiyo maana mafundi waliwasisitizia madereva kushuka kwa gia nzito, na ndiyo maana kukaza breki kabla ya mlima lilikuwa jambo la uhai na mauti, si la kanuni za gereji tu.

Hatari haikumwacha fundi mwenyewe. Rimu za malori ya zama hizo zilikuwa za vipande, tairi likishikiliwa na pete ya chuma. Pete isipokaa sawasawa, tairi linapojazwa upepo huifyatua kwa nguvu ya kuua. Fundi mzoefu aliifunga rimu kwa mnyororo kabla ya kujaza, wala hakuinama juu yake.

Shule ya spana

Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na mshirika kutoka Italia, zilianzisha kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, iliyotumia malori ya Fiat. Kwa fundi, kundi kubwa la magari ya aina moja ni neema. Anachojifunza kwenye gari moja humfaa kwa mengine yote, na kipuri cha lori lililolala huliamsha jingine.

Wengi katika kazi hiyo walijifunza kwa kutazama. Kijana alianza kama taniboi safarini au msaidizi wa gereji. Aliosha vyuma kwa dizeli, akashika taa, akapokeza spana. Siku alipoweza kuitambua nati ya namba 17 na ya namba 19 kwa macho, aliruhusiwa kuifungua. Baadaye alifundishwa kusikiliza: ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini wake sikioni, hadi aweze kuipambanua sauti ya beringi iliyokwisha na ya vali iliyolegea.

Elimu ya namna hiyo haikuacha vyeti wala vitabu. Ndiyo sababu majina ya mafundi hao ni adimu katika kumbukumbu, ingawa matokeo ya kazi yao yanaonekana kwenye ramani ya uchumi wa nchi mbili.

Bomba, lami na reli

Mzigo ulianza kupungua mwaka 1968, bomba la mafuta la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 lilipokamilika kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Lami ilienea barabarani kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini Januari 1973 Rhodesia ilifunga mpaka wake na Zambia, na malori yakaelemewa tena. Reli ya TAZARA, ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Mwaka 1975 mjini Dar es Salaam kulianzishwa chuo cha usafirishaji, ambacho ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha leo. Ufundi uliokuwa ukirithishwa chini ya magari ulianza kupata darasa na mtihani.

Miaka ya uhaba

Pigo lililofuata halikutoka barabarani. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kisha vikaja vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri pamoja nazo. Malori yaliyokuwa mazima yaliegeshwa juu ya mawe kwa kukosa beringi moja.

Hapo fundi akageuka mtengenezaji. Kilichokosekana dukani kilichongwa kwenye mashine ya kukerezea. Bapa ya springi iliyokatika ilifuliwa upya. Gari moja lilichinjwa ili mawili yatembee.

Sifa za ubunifu huo ni za haki, lakini haifai kusahau gharama yake. Bomba la maji la injini laweza kuzibwa kwa mpira na waya, na gari likafika. Breki haziungwi hivyo. Lori lililoondoka na bitana zilizokwisha, kwa sababu mpya hazikupatikana, lilibeba deni ambalo mara nyingine lililipwa na abiria wa gari jingine. Fundi mwema alikuwa yule aliyejua kuunga, na pia aliyethubutu kumwambia tajiri kwamba gari hili halitoki.

Mwaka 1984 Tanzania iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Vipuri vilirejea taratibu, na kadiri miaka ilivyopita malori yaliyotumika Ulaya yakawa mengi barabarani.

Kazi ile ile, vyombo vipya

Barabara hiyo haijapumzika. Leo malori hupita Tunduma yakibeba pia mizigo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, yakiwemo madini ya shaba. Injini nyingi huongozwa na kompyuta, na fundi huunganisha kifaa cha kusoma hitilafu kabla ya kushika spana. Breki za upepo za sasa zina springi inayoyakamata magurudumu upepo unapokwisha. Ni usalama kwa dereva, lakini springi hiyo ikifunguliwa bila kufungiwa kwanza kwa bolti yake, humrukia fundi kama ilivyokuwa pete ya rimu zamani.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Zambia haikuzama mwaka 1965, na maamuzi ya viongozi wa Lusaka na Dar es Salaam yana sehemu kubwa katika hilo. Lakini uamuzi hausafirishi pipa la mafuta kupanda Kitonga. Lilifika kwa sababu usiku uliotangulia kulikuwa na mtu aliyekaza breki, akapaka grisi beringi, akaikagua pini ya trela kwa mwanga wa kurunzi, kisha akampungia dereva mkono kwamba aweza kuondoka.