Taa Nyuma ya Tepu

Asubuhi moja ya Aprili, gari la Baba lilizima barabarani kati ya Moiben na Eldoret, Mama akiwa ndani na kadi yake ya kliniki mkononi. Lilikuwa limemisi wiki nzima. Likipanda mlima linatetemeka, na petroli inaisha kabla ya siku yake. Lakini dashibodi haikuwa imesema kitu.

Tulilivuta hadi kwa fundi, mzee ambaye amefanya kazi chini ya mti uleule tangu nikiwa shule ya msingi. Hakufungua boneti kwanza. Alizungusha ufunguo bila kuwasha injini, akainama kuangalia.

"Kijana, hapa taa zote zinafaa kuwaka. Ya injini iko wapi?"

Akafungua dashibodi. Nyuma ya kioo kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa vizuri kwa wembe. Baba aliangalia viatu vyake. Ni yeye aliyeagiza, miaka miwili iliyopita. Kila taa ilipowaka Mama alikataa kupanda, na pesa za kutafuta ugonjwa hazikuwepo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za hiyo taa. Kumbe haikuzaliwa gereji. Miaka ya 1940 na 1950, jiji la Los Angeles lilifunikwa na hewa chafu iliyowasha macho. Mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta ukipigwa na jua ndio unaotengeneza hewa hiyo. California ilianza kubana magari, na kufikia modeli za 1988 ikataka gari jipya lijikague lenyewe na kumwonyesha dereva taa likiugua. Mwaka 1996 Marekani nzima ikadai mfumo mmoja: soketi ya aina moja na kodi za aina moja. Ulaya ikafuata 2001 kwa magari ya petroli.

Yaani taa ya injini haikuwekwa ili Mama afike kliniki. Iliwekwa kulinda mapafu ya watu walio nje ya gari.

Huku kwetu, wakati sheria hizo zinaanza kuandikwa, gari la maana lilikuwa Peugeot 504. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na likabeba abiria wa safari ndefu katika Bonde la Ufa. Halikuwa na kompyuta ya kuuliza. Lilikuwa na kabureta, distribyuta na pointi. Fundi wetu alijifunzia hapo. Gari likimisi, anachomoa waya za plagi moja moja injini ikinguruma. Ukichomoa waya na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo imelala.

Halafu kuna mlima. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikifika huku inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fundi alijua kwa kuangalia plagi tu. Nyeusi na kavu, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa na oili, ringi zimechoka.

Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba ya Japani ikaanza kumiminika kupitia Mombasa. Toyota nyingi za wakati huo zilikuwa na kiboksi kidogo chini ya boneti. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo, unahesabu taa inavyopepesa. Moja, kituo, nne: kodi 14, kompyuta haipati ishara ya moto. Mafundi wa jua kali wakaongeza kuhesabu juu ya kusikiliza.

Lakini petroli yenyewe ilikuwa bado na risasi. Kenya iliiacha mwishoni mwa 2005, na hadi hapo risasi hiyo ilikuwa ikiua kataliti na sensa ya oksijeni, vifaa vilevile vya kusafisha moshi. Gari lililojengwa kulinda hewa lilikuwa likilishwa sumu kwenye pampu. "Tulikuwa tunakata kataliti tunatupa," fundi aliniambia. "Taa ikikataa kuzima, tepu."

Viwango vya Kenya, KS 1515 vya mwaka 2000, vinakataza kuingiza gari lililozidi miaka 8. La Baba ni la 2004, likafika 2011 likiwa na miaka saba. Halali kabisa. Sheria ilihesabu umri wa kuingia. Umri wa kuzeekea humu tumeachiwa wenyewe, na sasa limepita miaka 20.

Mtoto wa fundi alikuja na mashine ndogo kama kiberiti, akaichomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu. P0302. P ni injini na mitambo yake, 03 ni upande wa moto na kumisi, 2 mwishoni ni silinda ya pili. Kompyuta hujua kwa sababu krankishafti hupunguza kasi kidogo kila silinda inapokosa kuwaka.

"Koili imekufa, tununue," kijana akasema.

"Imekwambia silinda," mzee akajibu. "Haijakwambia sababu."

Inaweza kuwa plagi, koili, injekta, au kompresheni imekwisha. Akahamisha koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, kodi ikafutwa, tukazunguka na gari. Ikarudi P0303. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili. Kijana alicheka, akakubali. Bila simu yake tusingejua pa kuanzia, na bila mzee tungekuwa tunabahatisha.

Koili ya mtumba na plagi nne zilitugharimu chini ya pesa tulizolipa kuvutwa. Lakini tepu ilikuwa imeficha kitu kingine. Taa ikiwaka bila kupepesa, tafuta fundi. Ikipepesa, punguza mwendo, usimame, kwa sababu petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye kataliti. Yetu ilikuwa imeyeyuka ndani na kuziba. Mpya hatukuweza kununua. Mzee aliitoboa, akatoa matumbo yake, na gari likapanda mlima kama zamani.

Siku chache baadaye taa ikawaka. P0420: kataliti haifanyi kazi. Ilikuwa inasema kweli. Gari ni zima, na moshi wake unakwenda kwa kila mtu aliye kando ya barabara. Sijawahi kuona mtu akisimamishwa Moiben kwa sababu ya hilo.

Baba alienda kutafuta tepu kwenye droo. Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kadi mkononi.

"Iache," akasema. "Nataka nijue ikianza kupepesa."