Wasichana wa Lowell na vita vya saa kumi

Kitambaa kigumu cha pamba ambacho wazee wa pwani yetu walikiita merikani kilipata jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani, hasa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts. Wafanyabiashara wa bandari ya Salem ndio waliokileta Zanzibar kwa wingi baada ya mkataba wa 1833 baina ya nchi yao na Seyyid Said. Habari za mikono iliyofuma nguo za aina hiyo hazikusafiri nazo.

Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa mji wa Lowell, kando ya mto Merrimack. Mji huo ulipewa jina la Francis Cabot Lowell, tajiri wa Boston aliyezuru Uingereza kati ya 1810 na 1812 na kuikariri kichwani mitambo ya kufuma, kwa kuwa sheria ya huko ilikataza michoro yake kutolewa nje. Alifariki mwaka wa 1817. Washirika wake ndio waliojenga mji huo katika miaka ya 1820, wakitumia vibarua kutoka Ayalandi kuchimba mifereji ya maji ya kuendeshea mitambo.

Mitamboni waliwekwa mabinti wa wakulima, wengi wao wa umri wa kati ya miaka 15 na 30. Walilala katika mabweni ya kampuni chini ya wasimamizi wakali, mlango ukifungwa saa nne usiku, na kwenda kanisani kulikuwa sharti. Wageni walioletwa kutazama, akiwemo mwandishi Charles Dickens mnamo 1842, walionyeshwa wafanyakazi nadhifu wenye jarida lao wenyewe. Kengele ndiyo iliyojua ukweli: siku ya kazi ilikuwa ya saa 12 au 13, katika vyumba vilivyojaa vumbi la pamba. Nayo pamba hiyo, isisahaulike, ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini.

Mabinti hao waligoma mwaka wa 1834 mishahara ilipopunguzwa, kisha 1836 gharama ya bweni ilipopandishwa. Mapema mwaka wa 1845, wakiongozwa na Sarah Bagley, walifika mbele ya kamati ya bunge la jimbo kudai siku ya saa kumi. Kamati ilikiri kwamba zipo dhuluma, lakini ikasema si kazi ya bunge kuziondoa. Jibu hilo lilikuwa la kukwepa, na wenyewe walilitambua hivyo. Mwenyekiti wa kamati, William Schouler, alikuwa mbunge wa Lowell. Walifanya kampeni dhidi yake na akashindwa, ingawa mwanamke hakuwa na haki ya kupiga kura.

Mwaka huohuo ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi na kuzua njaa iliyowafukuza maelfu kwa maelfu kuvuka bahari. Mhamiaji mwenye njaa hakuwa na shamba la baba la kurejea akikasirishwa na mwajiri, na kampuni zilielewa jambo hilo upesi. Mitambo ikaongezewa kasi na kila mfanyakazi akapewa mingi zaidi ya kuangalia. Mabinti wa wakulima wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakawa walimu.

Sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto ilipitishwa Massachusetts mwaka wa 1874. Kufikia wakati huo, wengi wa waliosimama mitamboni walikuwa wahamiaji wa Ayalandi na Quebec, pamoja na watoto wao.