Gumba, Okestra na Kwaya: Historia ya Kujifunza Gitaa la Besi Beni na Butembo

Gitaa la besi lina nyuzi nne, mi, la, re na sol, zinazolia oktavu moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Katika Mulekera, mojawapo ya komine nne za mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, na vilevile katika Butembo upande wa kusini, anayeanza kulipiga mara nyingi huanzia kanisani, kando ya mpigaji aliyemtangulia. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya kwaya palikuwa na okestra, na kabla ya okestra palikuwa na kidole gumba.

Muziki wa eneo hili ulijua sauti nzito zamani. Wakonzo wanaoishi upande wa Uganda wa milima ya Ruwenzori, ndugu za Wanande wa Beni na Butembo, wana endara, marimba makubwa yanayolazwa juu ya mashina ya migomba na kupigwa na watu kadhaa, kila mmoja na sehemu yake. Gitaa lilipofika, kazi ya watu kadhaa iliingia mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alirekodi Wanande pembezoni mwa msitu wa Ituri. Mwaka huohuo, mjini Jadotville, Likasi ya leo, alimrekodi Mwenda Jean Bosco akipiga «Masanga». Bosco alikuwa na gitaa moja lisilo na umeme, lakini alisikika kama wapigaji wawili: gumba lilishika nyuzi nene kwa pigo lisiloyumba, kidole cha shahada kikapamba juu. Kijana wa Kongo ya mashariki aliyejifunza gitaa kwa mtindo huo alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya besi, hata kama chombo chenyewe kilikuwa hakijafika kwao.

Chombo hicho kilitoka California. Leo Fender alianza kukiuza mwaka 1951 kwa jina la Precision Bass. Kabla yake sauti nzito ilikuwa ya kontrabasi, chombo kirefu kupita mtu, kigumu kubeba, chenye shingo laini isiyoonyesha sauti ilipo. Fender alitia shingoni freti za chuma, kila sauti ikapata mahali pake. Kwa anayeanza, badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko hata umeme, kwa sababu liliondoa miaka ya kutafuta sauti kwa kupapasa.

Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilipokea gitaa la umeme mwaka 1953, Mbelgiji Bill Alexandre alipolileta katika studio ya kurekodi ya CEFA. Besi haikubadilika mara moja. Okestra ya OK Jazz ilipoundwa Juni 1956, Augustin Moniania, maarufu kwa jina la Roitelet, alikuwa bado akipiga kontrabasi. Januari 1960 African Jazz ya Joseph Kabasele ilikwenda Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, ikimchukua Brazzos kutoka OK Jazz ashike besi. Katika miaka iliyofuata gitaa la besi lilichukua nafasi ya kontrabasi katika okestra za Kongo.

Kutoka Kinshasa hadi Beni ni zaidi ya kilomita 1,600 hata kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mwalimu wa kwanza alikuwa redio na sahani za santuri. Hapo palikuwa na tatizo ambalo mpiga gitaa la solo hakulijua. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya redio ya betri haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Husikika kivuli chake tu. Mwanafunzi wa solo aliweza kunakili wimbo akiwa chumbani. Mwanafunzi wa besi alilazimika kukisia, au kusimama karibu na spika kubwa za baa. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya besi ifundishwe zaidi kwa kukaa karibu na mpigaji na kutazama mkono wake.

Okestra zenyewe nazo zilisafiri. Miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa Kongo walielekea mashariki kutafuta kazi: Orchestra Makassy ilitoka Kampala na kufika Dar es Salaam, na Samba Mapangala naye alitoka Kampala akaingia Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye aliunda Orchestra Virunga, yenye jina la milima ya Kivu. Kwa mtu wa Beni njia ya Kampala ni ile ya Kasindi, mpakani mwa Uganda, na ndiyo hiyohiyo wafanyabiashara wa Butembo waliyoitumia kuingiza bidhaa, vyombo vya muziki vikiwemo.

Katika okestra mwanagenzi alianza kwa kusikiliza. Kitu cha kwanza kilikuwa kuafikiana na ngoma. Cha pili, kujua sauti mama ya kila kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, hasa do, fa na sol, ambamo nyimbo nyingi huzunguka. Kigumu kilifuata baadaye: kuacha nafasi. Rumba ilirithi kutoka Kuba besi isiyojaza kila pigo, ambayo mara nyingine hutangulia kodi inayokuja na kunyamaza pale msikilizaji anapoitazamia. Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa Desemba 1969, iliacha tarumbeta na kurefusha sebene, sehemu ya wimbo ya kucheza. Gitaa na dramu zikabaki peke yake mbele ya wachezaji, na mpiga besi akapewa kazi ya kurudia kifungu kifupi kwa dakika nyingi bila kulegea. Vidole vya anayeanza huchoka hapo, na hapo ndipo hujulikana kama ataendelea.

Zairianization ya Novemba 1973, yaani serikali ya Zaire (Kongo ya wakati huo) kutwaa biashara za wageni, iliharibu biashara, na uchumi ulioporomoka baada yake uliziacha okestra za mikoani bila pesa za gitaa wala amplifaya. Kanisa lilishika nafasi hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefungua mlango kwa lugha na ala za wenyeji, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha misale ya majimbo ya Zaire. Waprotestanti nao walikuwa na kwaya zenye magitaa. Kwaya ilikuwa na kitu ambacho okestra haikuwa nacho daima: chombo kinachokaa mahali pamoja, na ratiba ya kila wiki. Ilikuwa pia na solfa iliyofundishwa na wamisionari. Mwanafunzi wa Beni hutaja kodi kwa do na sol, wakati mwenzake wa Nairobi husema C na G. Inastahili kusemwa wazi kwamba bila kwaya besi ingekuwa imebaki na watu wachache sana hapa.

Mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 kuzunguka Beni, kisha hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Mei 2021, yameumiza muziki wa usiku. Simu nayo imeleta video za mafunzo, na visikizi vya masikioni vinatoa sauti nzito ambazo redio haikuweza. Lakini mazoezi ya kwaya hufanyika mchana, na nyimbo za kwanza anazopewa mpiga besi mpya ni zile za ibada zenye kodi tatu.