Bastola ya Kauboi: Kishikio Kilikuwa Laini kwa Sababu, Halafu Sababu Ikaisha

Wasee, hebu kumbukeni muvi yoyote ya makauboi. Lazima kamera ishuke mpaka kiunoni. Mkono unatulia, kishikio cha bastola kinang'aa, kimya kidogo, halafu moto. Tumekua tukidhani ule mng'aro ndio ushujaa. Mimi si shabiki wa bunduki, lakini napenda kujua vitu vilitoka wapi, na hiki kishikio kina stori.

Turudi 1873. Jeshi la Marekani linachukua revolva ya Colt, ile Single Action Army, iliyotengenezwa Hartford, jimbo la Connecticut. Kishikio chake kilikuwa cha mbao laini, kimepinda kama mkono wa plau. Huo ulaini haukuwa urembo. Kwa revolva hiyo, kabla ya kila risasi unavuta kinyundo nyuma kwa kidole gumba. Ikilia inaruka juu, na kishikio kinateleza kidogo kiganjani, kinyundo kinajileta karibu na gumba lako. Kingekuwa na meno kingekwama, na kingekuchuna ngozi pia.

Sasa ruka hadi 1911. Jeshi lile lile linahamia M1911, bastola iliyobuniwa na John Browning. Hii ukishafyatua risasi ya kwanza, inajikoki yenyewe. Kidole gumba hakina tena ile kazi. Unachotaka sasa ni bastola isisogee mkononi. Ndiyo maana mbao za kishikio zikachongwa mistari inayokatana, vikabaki vijinundu vidogo vya umbo la almasi. Jasho, matope, mvua, bado umeshika. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, mbao ikaacha nafasi kwa plastiki, lakini mistari haikuondoka. Na si Wamarekani waliogundua hilo. Samurai wa Japani walikuwa wakifunika mpini wa upanga kwa ngozi ya samaki aina ya taa, ile ya vipele, halafu wakauzungushia utepe juu.

Kumbe basi laini ilipoteza kazi. Lakini haikufa, iligeuka kuwa sifa. Angalia Jenerali George Patton. Mwaka 1916 alinunua Colt ya mtindo ule ule wa 1873, kishikio chake cha pembe za ndovu, na akaivaa hadi Vita vya Pili. Jeshi lake lilikuwa na M1911 za mistari, bastola za kazi. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya pembe nyeupe kiunoni mwa mkubwa.

Na hapo ndipo hii stori inafika kwetu. Pembe haioti kwenye mti. Karne ya 19, Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe Afrika Mashariki. Misafara ya Wakamba ilizishusha kutoka bara hadi Mombasa, na mingine ikaenda Bagamoyo, watu wakizibeba mabegani siku baada ya siku. Wafanyabiashara wa Marekani walinunua Zanzibar, na mzigo mwingi ukaishia Connecticut ile ile ya Colt, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton vilivyokata funguo za piano na vitana. Piano ya sebuleni, kitana cha bibi, kishikio cha jenerali: wote walitaka kitu cheupe, laini, cha kuonekana.

Sisi tulibaki na majivu. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe Nairobi. Tarehe 30 Aprili 2016 ikachoma tani 105 kwenye Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, moshi ukipanda karibu na jiji tunaloishi.

Maoni yangu ni haya. Laini ya 1873 naiheshimu, ilikuwa na kazi. Ile ya baadaye ilikuwa ya kujionyesha, na bili ikatumwa kwa ndovu na kwa migongo ya wapagazi. Kwa hivyo ukiona tena kishikio kinang'aa kwenye muvi, usiulize tu nani ana mkono wa haraka. Uliza ule mng'aro ulilipiwa na nani.